Shingo ya karani na wakala: inua kioo, usiinamishe kichwa

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea wanashinda kwenye kompyuta, na mawakala wa fedha hawainui uso kwenye simu. Shingo zikianza kuuma, wengi wanapaka dawa ya kuchua. Wanapata nafuu ya saa chache, maumivu yanarudi, maana meza na kiti ni vilevile.

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4.5 hadi 5.5 hivi. Kikiwa wima juu ya pingili 7 za shingo, misuli haifanyi kazi kubwa. Ukiinama, ndiyo inayokishikilia kisidondoke. Daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu mwaka 2014: nyuzi 15 za kuinama ni mzigo wa kilo 12 hivi, nyuzi 60 ni kilo 27. Ni hesabu za mfano tu, hazikupimwa kwenye shingo za watu. Na kuinama kwenyewe hakuna ubaya. Kinachoumiza ni kuganda hapohapo muda mrefu.

Shida ya kompyuta mpakato ni kwamba kioo na kibodi vimeungana. Weka chini yake rimu 3 au 4 za karatasi za A4 (kila moja ina unene wa sentimita 5 hivi), bila kuziba matundu ya hewa, kwa joto letu hili. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa mkono ulionyooka. Mwenye miwani ya sehemu mbili apunguze rimu, la sivyo atainua kidevu ili asome. Kisha chomeka kibodi na mausi vya pembeni, viwiko vikae karibu na mbavu. Ukiinua kompyuta huku unaandika kwenye kibodi yake yenyewe, mabega yanapanda na maumivu yanahamia huko. Kama huna kibodi ya pembeni, inua wakati wa kusoma tu.

Viti vya plastiki vimelala nyuma, ndiyo maana mtu anasogea mbele na kukunja mgongo. Viringisha khanga, iweke usawa wa mkanda wa suruali, uegemee.

Wakala, simu zisilale kaunta. Zipandishe kwenye kiboksi hadi usawa wa kifua. Ukishika simu mkononi, mkono wa pili upite tumboni ubebe kiwiko. Kitandani, lala ubavu.

Kila nusu saa simama. Halafu tazama mbele, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja, shikilia sekunde 5, achia, mara 10. Wengi wanakosea hapa kwa kuinamisha kichwa: macho yabaki palepale. Maumivu yakishuka mkononi, acha.

Ganzi ya vidole, mkono kuishiwa nguvu, kuyumba unapotembea, kushindwa kuzuia mkojo, au homa pamoja na shingo kukakamaa: nenda hospitali siku hiyohiyo, Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi. Na tafadhali, ukiwa na dalili hizi usimruhusu kinyozi akuvunje shingo ili ilie. Pingili au mshipa wa fahamu ukiwa tayari na hitilafu, mzungusho ule wa ghafla unaweza kukuongezea madhara.