Anotesheni: kwa nini maandishi ya ramani hayafuati amri kama ya Word

Anotesheni ni kila neno, namba na alama inayowekwa juu ya mchoro ili usomeke: jina la chumba, kipimo cha ukuta, mshale unaosema "nondo mm 12", jedwali la milango, noti za pembeni. Mistari inaonyesha jengo lilivyo, anotesheni inamwambia fundi afanye nini. Ukikaa na vijana wanaochora ramani za nyumba hapa Mtwara, iwe Shangani au Chuno, utasikia wakiilalamikia kuliko kitu kingine chochote ndani ya AutoCAD au Revit, programu za kompyuta za kuchorea majengo. Kuta, milango na paa vinakwisha asubuhi, halafu mchana mzima unapotelea kwenye kupanga maneno.

Lalamiko linaanzia kwenye mazoea. Aliyezoea Word anajua kwamba herufi za saizi 12 zitatoka saizi 12, basi. Word inaandikia karatasi tangu mwanzo. AutoCAD inachora jengo kwa ukubwa wake halisi, na karatasi inakuja mwishoni, wakati wa kuchapa. Nyumba ya mita 12 kwa 9 ndani ya kompyuta ni milimita 12,000 kwa 9,000. Ukiandika "SEBULE" kwa herufi za milimita 2.5 katikati ya nyumba hiyo, hutaiona hata ukiitafuta, kwa sababu umeandika neno lenye herufi fupi kuliko punje ya mchele kwenye sakafu ya sebule ya kweli.

Ndiyo maana neno kwenye mchoro lina saizi mbili, ya karatasi na ya jengo, na kinachoziunganisha ni skeli. Ramani ya 1:100 inapunguza kila kitu mara mia, kwa hiyo herufi itakayotoka milimita 2.5 kwenye karatasi inatakiwa iwe na milimita 250 ndani ya mchoro. Kwa 1:50 ni 125. Sasa chukua neno lile la 250 ulitumie kwenye mchoro wa kina wa 1:20: litatoka milimita 12.5, kama kichwa cha habari cha gazeti. Lipeleke kwenye ramani ya kiwanja ya 1:500, litatoka nusu milimita, alama ya kalamu tu. Hapo neno ni lilelile na hakuna aliyeligusa.

AutoCAD ilileta dawa katika toleo la 2008: maandishi yanayojua skeli. Unayapa saizi ya karatasi mara moja, unaorodhesha skeli yatakazotumika, nayo yanajirekebisha. Ni dawa nzuri, ila wengi hawaitumii, kwa sababu ukisahau kuongeza skeli moja kwenye orodha, neno linapotea kabisa kwenye dirisha la skeli hiyo na hakuna onyo. Revit imepita njia nyingine. Noti zake hupimwa kwa milimita za karatasi tu, na kila mwonekano, yaani kila ramani au mchoro mmojammoja wa jengo, una noti zake. Ukibadilisha mwonekano kutoka 1:100 kwenda 1:50, herufi zinabaki 2.5 kwenye karatasi, lakini jengo limekuwa kubwa maradufu chini yake, na mpangilio wote ulioufanya kwa subira unalegea.

Zile 2.5 hazikuokotwa. Kiwango cha kimataifa cha maandishi ya michoro, ISO 3098, kina ngazi za urefu wa herufi: 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14 na 20. Kutoka ngazi moja hadi nyingine unazidisha takribani mara 1.4, uwiano uleule ulio kati ya urefu wa karatasi za A zinazofuatana (A1, A2, A3). Mchoro wa A1 ukipunguzwa kuwa A2, herufi ya 3.5 inakuwa 2.5. Ukipunguzwa hadi A3, urefu wote unakatwa nusu, na herufi ya 2.5 inabaki 1.25.

Hapa kwetu suala hili lina uzito wake. Mashine ya A3 utaikuta stationari, ya A1 ni ya kutafuta. Basi mchoro uliopangwa kwa A1 unatolewa A3, unakunjwa, unakwenda saiti ndani ya mfuko wa shati. Jasho na vumbi la saruji vikiingia kwenye herufi za milimita 1.25, nane na sita hazina tofauti tena. Fundi atapiga simu: "Bosi, ringi hizi za kufungia nondo ni za mm nane au mm sita?" Huyo ni fundi mzuri. Wa kuogopwa ni yule asiyepiga. Tena hapo skeli nayo imekwisha kudanganya: pameandikwa 1:100 na karatasi iliyopo mkononi ni 1:200. Kama unajua tangu mwanzo kwamba kazi itachapwa A3, panga karatasi ya A3 kwenye programu, na uweke mstari wa skeli uliochorwa, wenye alama za mita, maana huo unapungua pamoja na mchoro.

Kero nyingine zina asili ya zamani zaidi. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, enzi za plota, mashine za kuchapa michoro, zilizoshika kalamu kama mtu na kuitembeza juu ya karatasi. Kalamu huchora mstari mmoja kila inapopita; kujaza herufi nene kungeichukua muda mrefu. Kwa hiyo fonti zake za awali, zile za SHX, ni mistari mitupu isiyo na unene wake yenyewe. Ukitaka herufi nzito unaongeza unene wa mstari. Fonti hizo bado zipo na bado zinapendwa, kwa kuwa ni nyepesi na husomeka vizuri zikiwa ndogo. Adha inakuja faili likisafiri. Unalituma kwa mwenzako Lindi, kompyuta yake haina fonti uliyotumia, programu inaweka nyingine badala yake, na kila mahali ulipoandika alama ya kipenyo anaona alama ya kuuliza au kiboksi. Mistari ya maneno nayo inarefuka na kupanda juu ya kuta. Kuna amri ya kufunga faili pamoja na fonti zake, eTransmit, na haichukui dakika mbili. Alama zenyewe bado huandikwa kwa misimbo ya tangu zamani: %%c kwa kipenyo (Ø), %%d kwa nyuzi (°), %%p kwa jumlisha-au-toa (±). Mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani kompyuta imeharibika.

Revit haina kisingizio cha kalamu, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili lawama zaidi. Kihariri chake cha maandishi kilifumuliwa upya katika toleo la 2017, kikapata herufi za juu na chini ya mstari. Hata baada ya hapo, ndani ya noti moja huwezi kuchanganya saizi mbili za herufi wala rangi mbili. Unaweza kukoza, kulaza, kupigia mstari na kupandisha au kushusha herufi, basi. Fonti na saizi zinaamriwa na aina ya noti nzima. Huwezi kunyoosha kingo zote mbili za aya, huwezi kuamua nafasi kati ya mistari, huwezi kuweka jedwali ndani ya noti. Kichwa kikubwa chenye maelezo madogo chini yake, kitu ambacho mwanafunzi wa sekondari hukifanya kwenye Word bila kufikiri, kinataka noti mbili zilizopangwa kwa jicho.

Majina ya vyumba ni balaa jingine, hasa ukiandika Kiswahili. Tagi za Revit, yaani vibandiko vinavyoonyesha majina hayo, zina upana uliowekwa ndani ya tagi yenyewe. Huwezi kuvuta moja tu ikawa nyembamba. Wanaoandika "WC" hawajui shida hii. Choo cha mita 1.2 kwa 2.1, kwenye ramani ya 1:100, ni milimita 12 kwa 21. "CHOO NA BAFU" kwa herufi kubwa za 2.5 linataka kama milimita 24 kwenda mbele, yaani linavuka ukuta na kuingia chumba cha jirani. Suluhisho ni kutengeneza aina ya pili ya tagi, nyembamba, inayokata jina kuwa mistari miwili, uitumie kwenye vyoo, stoo na korido. Hiyo ni kazi ya mara moja. Ukiihifadhi kwenye faili lako la kuanzia, ramani zote zijazo zinaikuta tayari. Kwa upande wa AutoCAD, inakuruhusu kuwa na kamusi yako ya tahajia: iongezee "lenta", "kenchi", "ringi" na wenzake ili isikusimamishe kwa kila neno.

Zinabaki noti ndefu: uwiano wa zege, daraja la nondo, dawa ya mchwa, na kwa nyumba zilizo karibu na bahari, unene wa zege la kufunika nondo ili chumvi isizifikie. Wengi huzibandika zote pembeni ya mchoro, kurasa mbili za maelezo zilizokandamizwa kwenye safu moja, kisha wanailaumu programu kwamba haina mpangilio wa aya. Mimi siungi mkono. Maelezo ya kazi yaandikwe kwenye Word, yatolewe PDF, yabanwe pamoja na michoro. Mkadiriaji wa gharama naye atashukuru, maana PDF hiyo inatafutika, wakati herufi za SHX mara nyingi huingia kwenye PDF kama mistari tu. Juu ya mchoro pabaki kile fundi anachokihitaji akiwa amesimama kwenye msingi. Kwa nyumba ya Msimbati au Mikindani ningeacha ile noti ya chumvi palepale kwenye mchoro wa nguzo, kwa herufi za 3.5, hata kama Revit itanilazimisha nitengeneze aina nyingine ya noti kwa ajili yake peke yake.