Usimkate fisi uhai, mkate zamu

Jumatatu usiku kijana mmoja aliyeanzisha meza yake ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, huko Sakina, Arusha, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mchezaji wake amefuga fisi mkubwa, yule wa kupanda mgongoni, na fisi anamaliza maadui kabla wenzake hawajarusha dadu. "Kaka, nimemkata uhai nusu na bado anatuharibia. Nimkate tena?"

Hapana. Na ni mtu wa nne kuniuliza hivyo mwaka huu, kwa hiyo naandika ili wa tano asome kabla hajashika kisu.

Fisi huyo namjua. Kwenye meza ninayoiongoza hapa Moshi aliingia mwaka jana, kwa sababu dada anayecheza mwindaji alisimuliwa na bibi yake kwamba wachawi husafiri usiku juu ya migongo ya fisi, akataka mhusika wake awe binti wa mchawi kama huyo. Ombi la namna hiyo halikataliwi. Kanuni za Dungeons & Dragons za 2014 zingemkataa: mnyama wa mwindaji asizidi ukubwa wa wastani wala ugumu (kipimo cha ukali wa adui) wa robo, na fisi mkubwa ana ugumu wa 1. Mimi nilisema ndiyo, basi kusawazisha kukawa kazi yangu.

Tupige hesabu. Mpiganaji wa leveli ya 3 mwenye nguvu 16 na ustahimilivu 14 ana alama 28 za uhai. Upanga wake ni dadu ya pande 8 na nyongeza ya 3, wastani 7.5. Fisi ana uhai 45 na anang'ata kwa wastani wa 10. Wote wawili wanaongeza 5 kwenye dadu ya kushambulia, kwa hiyo mbele ya adui mwenye kinga ya 15, yaani namba ya kufikia ili pigo limpate, kila mmoja anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nafasi 11 kati ya 20. Ukiacha mapigo ya 20 tupu, yanayoumiza zaidi, fisi anatoa wastani wa madhara 5.5 kwa zamu, mpiganaji 4.1.

Sasa mkate fisi uhai, kutoka 45 hadi 22. Rudia hesabu. Ni 5.5 ile ile! Mpiganaji bado anazidiwa na mnyama wa mwenzake, kila raundi, mpaka siku fisi atakapokufa mapema na kumwumiza mchezaji aliyempenda. Ulichopunguza ni muda wa fisi kuishi. Kilichokusumbua ni kwamba mchezaji mmoja anacheza mara mbili kwa raundi na wengine mara moja.

Halafu kuna ile sifa ya kuchachamaa, ambayo watu wanaisoma haraka haraka: fisi akimwangusha mtu hadi uhai 0, anasogea nusu ya mwendo wake na kung'ata tena. Hiyo nayo ni zamu, imefichwa ndani ya zamu. Mpe adui watatu dhaifu waliosimama karibu karibu, uone.

Waliotunga mchezo wanalijua jambo hili. Mwaka 2014 walimtaka mwindaji wa leveli ya 3 atoe tendo lake zima ili mnyama ashambulie. Watu wakalalamika kwamba mwindaji amebaki mchunga mifugo, na mwaka 2020 likatoka toleo la hiari ambamo amri inagharimu tendo dogo tu. Angalia walichokuwa wanavutana nacho miaka yote hiyo: gharama ya amri.

Kwangu nimefanya hivi. Fisi hana zamu yake. Anatembea ndani ya zamu ya mwindaji, na akitaka kung'ata, mwindaji harushi mshale. Sifa ya kuchachamaa nimeiondoa. Uhai wake 45 sikugusa, maana mnyama mkubwa anayepokea mapigo kwa niaba ya kundi anawafurahisha wote watano.

Na msisahau saa ya ukutani. Tunacheza saa nne, kwa sababu wawili wanatoka Arusha na lazima wawahi Coaster ya kurudi. Watu watano, dakika 48 kwa kila mmoja. Ukimpa fisi zamu kamili, mafungu yanakuwa sita ya dakika 40, na mwenye fisi anachukua mawili. Dakika 80 kwake, 40 kwa aliyepanda gari kutoka Arusha. Mtu huyo hatasema kitu. Ataacha kuja.

Ushauri unaonikera kuliko wa kukata uhai ni mwingine, na huo unatolewa na wenye uzoefu: mwache fisi na nguvu zake, umbane mmiliki wake kwenye hadithi. Walinzi wa lango wamkatae. Wanakijiji wamwite mmiliki mchawi. Fisi ale mbuzi wa mzee wa ukoo. Unaonekana ushauri wa busara, na mimi niliufuata mwezi mzima.

Matokeo yake yalikuwa haya. Tulifika langoni mwa mji, walinzi wakamzuia fisi, na kwa dakika arobaini nilibishana na mwenye fisi. Alibishana vizuri, tena kwa moyo. Wengine wanne walimaliza sahani ya ndizi, wakatoa simu. Wiki iliyofuata mbuzi akaliwa, na kesi ya mbuzi ikachukua jioni nzima. Kila adhabu niliyotunga ilikuwa tukio linalomhusu fisi, na kila tukio linalomhusu fisi lilikuwa muda wa mwenye fisi. Nilidhani namtoza ushuru, kumbe namlipa mshahara.

Kilichosaidia ni kuwagawia wengine matatizo ya fisi. Mganga wa kundi anachezwa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye angeweza kumaliza siku nzima akisema "namponya" na basi. Niliamua kwamba wazee wa mji ule hawapokei kiapo cha binti wa mchawi. Wanataka kiapo cha mganga. Ikabidi mwalimu asimame mbele ya wazee amdhamini mnyama anayemwogopa. Sijawahi kumsikia akizungumza vile. Na sauti ya fisi, kicheko chake, njaa yake, anataka nini leo, nimempa mchezaji mwingine kabisa. Mwenye fisi anamwamuru vitani, huyu mwingine anasema fisi anajisikiaje. Wanapopishana, wanarusha dadu.

Sina hakika kama hili linafaa kila mahali. Watu wangu wanajuana tangu sekondari. Kwenye meza ya wageni huenda mwenye fisi akaona amenyang'anywa. Na kuna jambo bado linanisumbua: kifo. Nimejikuta maadui wangu wanampita fisi na kumpiga mpiganaji, kwa sababu sitaki kumwua mnyama aliyetoka kwenye simulizi za bibi wa mtu. Wachezaji wameshaona. Mpiganaji aliniuliza wazi, "Kwa nini kila mara mimi?" Nilimwambia ana haki ya kuuliza. Tangu siku hiyo nawarushia dadu maadui kuamua wanampiga nani, na mara mbili moyo umenidunda.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Sakina, mrudishie fisi uhai wake wote na uchukue zamu yake. Kisha angalia leveli zinavyopanda. Mpiganaji wangu aliongeza nguvu hadi 18 kwenye leveli ya 4. Kwenye leveli ya 5 anapata mapigo mawili kwa zamu, na nyongeza yake inafika +7. Mbele ya kinga ile ile ya 15 anatoa wastani wa 11 kwa raundi. Fisi yuko palepale kwenye 5.5, na uhai wake 45 hautoshi mbele ya maadui wa leveli hiyo.

Sisi tunafika leveli ya 5 Jumamosi hii. Namrudishia kuchachamaa kwake, na mwalimu wa hesabu ndiye atakayewaambia wenzake, kwa sababu kwenye hadithi yetu mganga ndiye aliyemfunga meno.