Kamanda mpya akija Tanga, ulizeni alikopitia

Kila Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) anapopangua makamanda wa polisi wa mikoa, barazani kwetu Ngamiani swali huwa lile lile: huyu ajaye mkali au mpole? Mimi ni mpelelezi mstaafu, nimefanya kazi chini ya makamanda wa kila tabia, na swali hilo naona halimfikishi mtu popote. Ukali hupoa, upole nao una mwisho. Anayetaka kujua mkoa utakwendaje aulize kamanda alikalia dawati gani kabla ya kupewa kiti hicho.

Ngazi yenyewe haina siri. Konstebo, koplo, sajenti, stesheni sajenti, sajini meja; kisha wakaguzi, kisha warakibu, kisha makamishna wa daraja mbalimbali, na juu kabisa IGP, ambaye huteuliwa na Rais. Wapo waliopanda tangu chini, wapo walioingia na shahada wakafupisha safari. Kinachowachanganya watu ni kwamba RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, si cheo cha begani, ni madaraka. Begani, kamanda wa mkoa mara nyingi ni Kamishna Msaidizi au Kamishna Msaidizi Mwandamizi. Akiondolewa mkoani anaondoka na cheo chake, na kesho anaweza kuwa ofisini makao makuu, hapigiwi simu na mwandishi hata mmoja.

Kwa maoni yangu kamanda hupikwa akiwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Chukua wilaya yoyote ya ufukweni, iwe Pangani, Mkinga au Bagamoyo. Ufukwe ni mrefu, bandari bubu ni nyingi, askari hawatoshi. Usiku jahazi linashusha sukari na mafuta ya kupikia. Ijumaa nahodha yuko msikitini, safu moja na wewe. Ukimkamata, nusu ya mji ni ndugu zake. Ukimwacha, mwezi ujao chini ya magunia ya sukari kutakuwa na kitu kingine. OCD mzuri hujifunza kutenganisha anayebeba mzigo na mwenye mzigo, na hilo halifundishwi kwenye gwaride la shule ya polisi Moshi.

Halafu kuna mahabusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, muda ambao unaweza kuongezwa kwa utaratibu wake. OCD asiyefungua kitabu cha mahabusu kila asubuhi ndiye atakayekuja kuwa RPC wa kuambiwa na waandishi nani amelala selo wiki nzima. Nimewahi kuona bosi wa namna hiyo akihamaki mbele ya kamera, na sisi wa nyuma tukitazama viatu vyetu.

Kutoka hapo njia huwa mbili, ingawa wapo waliozipita zote. Aliyekulia operesheni na FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, ukimpelekea taarifa ya duka kuvunjwa, kwanza anauliza doria ilikuwa wapi. Aliyewahi kuwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, anauliza jalada la kesi liko wapi na shahidi wa kwanza alisema nini. Mkoa unawahitaji wote wawili, lakini sifichi upande wangu. Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha mfumo wa kuondoa mashtaka mikononi mwa polisi na kuyaweka chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP). Tangu mawakili wa serikali waanze kuyapokea majalada yetu, lililoandikwa kwa haraka linarudi. Kamanda asiyejua kusoma jalada hawezi kujua kwa nini watuhumiwa wake wanatoka.

Tazama na waliofika juu kabisa. Said Mwema, aliyekuwa IGP kuanzia 2006, alitokea Interpol, ofisi ya kanda ya Nairobi, na alama aliyoiacha ni polisi jamii na ulinzi shirikishi. Simon Sirro alitoka kuongoza Kanda Maalum ya Dar es Salaam, akateuliwa Mei 2017 wakati mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji yakiutikisa Mkoa wa Pwani. Mwaka huo huo Rufiji ikafanywa mkoa wa kipolisi peke yake. Camillus Wambura, aliyempokea mwaka 2022, alikuwa DCI, mkurugenzi wa upelelezi wa makosa ya jinai, na Sirro akaenda Zimbabwe kuwa balozi. Ukizitazama nafasi walizotoka utaona Rais alikuwa akitafuta nini kila wakati.

RPC naye hatawali peke yake. Kamati ya Usalama ya Mkoa mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na jambo likikua linapanda. Mapambano ya polisi na watu wenye silaha kwenye mapango ya Amboni hapa Tanga, Februari 2015, yaliingiza na jeshi la ulinzi, JWTZ, na aliyekuja kuyasemea ni Kamishna wa Operesheni na Mafunzo wa wakati huo, Paul Chagonja, kutoka makao makuu. Watu wa hapa walidhani kamanda wetu amenyang'anywa kazi. Hakunyang'anywa, ndivyo Jeshi la Polisi linavyofanya.

(Makao makuu yenyewe yaliwahi kuwa mkoani kwetu. Jeshi la polisi la Tanganyika lilitangazwa rasmi na Waingereza mwaka 1919, likaongozwa kutoka Lushoto hadi lilipohamia Dar es Salaam mwaka 1930. Vijana wengi wa Usambara hawajui.)

Sasa Tanga ni mpaka wa Horohoro, ni bandari, ni Segera na mabasi yake ya usiku, ni ugomvi wa wafugaji na wakulima Kilindi na Handeni, na Chongoleani kunakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda. Aliyewahi kuwa OCD mpakani na RCO popote pale ndiye ningempa mkoa huu, hata kama hajui kuhutubia. Hotuba aachiwe Mkuu wa Mkoa.