Sailensi inavuta, ukikanyaga inapumua: kusaka hewa inayovuja kwenye injini ya Kompressor

Wenye Mercedes-Benz W203 yenye injini ya M271, ile ya cc 1,796 iliyoandikwa Kompressor nyuma, huja na hadithi zinazofanana. Taa ya cheki injini imewaka, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, mashine ya kusomea kompyuta ya gari imeandika kosa P0171, na tayari plagi, koili na sensa ya hewa ni mpya. Gari liko vilevile. P0171 inakwambia tu kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli. Hewa hiyo imeingilia wapi, hapo ni kazi yako.

Kabla ya kushika spana, fuata njia ya hewa. Inapita kwenye filta, inapimwa na sensa, inaingia kwenye supachaja, pampu ya kusukuma hewa inayozungushwa na mkanda, inapoozwa kwenye intakula, inafika throto (mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta), ndipo inaingia manifoldi, inayoigawa kwenye silinda. Kati ya sensa na supachaja panavuta muda wote. Kati ya supachaja na throto panasukuma ukikanyaga mafuta. Manifoldi ndiyo yenye tabia mbili: gari likiwa sailensi inavuta, supachaja ikianza kazi inasukuma. Kwa hiyo mpira uliopasuka baada ya throto huingiza hewa ya wizi gari likiwa limesimama, na mlimani hutoa nje hewa ambayo sensa imeshaipima.

Mimi huanza na fyueli trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza (chanya) au inapunguza (hasi), maana zinasoma tabia hiyo waziwazi. Injini hii ikishapata joto, sailensi huvuta kama gramu 2 hadi 3 za hewa kwa sekunde. Nusu gramu ikiingia bila kupimwa, kompyuta inalazimika kuongeza petroli kwa karibu asilimia 20. Pandisha hadi mizunguko 2,500 bila mzigo: hewa halali inakuwa nyingi, ile ya wizi inakuwa kidogo mbele yake, na trimu inashuka kuelekea sifuri. Kisha liingize barabarani, upande mlima kwa kukanyaga kiasi. Usikanyage hadi chini, kwa sababu hapo kompyuta huacha kusikiliza sensa ya oksijeni na namba zinakosa maana. Trimu ikivuka sifuri na kuwa hasi, tundu liko baada ya throto. Ikiwa trimu ya sailensi ni safi na hasi inaonekana kwenye mzigo tu, angalia mabomba ya intakula. Ikibaki juu kila mahali, usiishie kwenye mipira; pima na presha ya petroli.

Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa manifoldi, bado ina kazi yake. Dar es Salaam injini nzima husoma inchi 18 hadi 21 za zebaki gari likiwa sailensi. Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, geji ileile itasoma pungufu kwa inchi 4 au zaidi bila ubovu wowote. Nimeona manifoldi ikifunguliwa bure kwa sababu ya kusahau hilo.

Kupulizia dawa ya kusafishia kabureta huku injini inanguruma, sipendi. Ekzozi ni ya moto, dawa inashika moto, na kwenye M271 mpira unaosumbua zaidi, ule wa mvuke wa oili unaotoka krankikesi (sehemu ya chini ya injini yenye kranki), umejificha chini ya manifoldi, dawa haifiki. Sauti nayo inadanganya: supachaja ina mlio wake, na mluzi wa tundu unamezwa humo.

Moshi ndio unaosema kweli, ila uingizwe kwa mpango. Ukiupeleka kwenye bomba la filta peke yake, rota za supachaja na throto iliyofungwa vinauzuia, na utasema injini ni nzima. Ingiza mara ya pili baada ya throto, kupitia mpira wa hidrovaki ya breki (kifaa kinacholainisha breki). Presha ya nusu psi inatosha. Ukizidisha, moshi unapita kwenye mipira ya mvuke wa oili na kusukuma sili za kranki. Kuna nyufa zinazofunguka chini ya msukumo mkubwa tu, na hizo moshi hauzioni. Ndiyo maana namba za mlimani nazipima kwanza.

Jaribio jingine halina gharama. Gari likiwa sailensi, fungua kifuniko cha oili. Kikishikwa kwa nguvu na kulia mluzi, udhibiti wa mvuke wa oili umekufa na manifoldi inavuta krankikesi moja kwa moja. Sailensi isipobadilika hata kidogo, yaelekea krankikesi ilishakuwa wazi mahali pengine. Kagua pia vali inayopaswa kufunga msukumo usirudi kwenye krankikesi. Ikibaki wazi, oili huanza kutoka kwenye sili, na mteja anadhani ana ugonjwa wa pili.

Mpira ule wa chini ya manifoldi ukiutoa utauelewa kwa vidole. Joto na mvuke wa oili vimeukausha, ukiukunja unakatika kama biskuti, na mara nyingi ufa uko upande wa chini, pale kwenye kona. Manifoldi ikishatoka, badilisha mipira yote ya mvuke pamoja na gasketi. Kazi ya kufika pale ni kubwa kuliko bei ya mpira. Na tafadhali, usikate kipande cha mpira wa maji ukakifunga kwa klipu. Mpira wa maji ukikutana na oili huvimba na kulegea, kisha vakyumu inaukunja ndani na njia inaziba. Nunua unaostahimili oili, wenye umbo lake la asili.

Ukimaliza, futa kumbukumbu za trimu kwenye kompyuta, endesha mpaka injini ipate joto, usome upya sailensi na mlimani. Chomoa na plagi za umeme za magneti za kamshafti uangalie kama zina oili ndani. Kwenye M271 oili hupenya hapo na kusafiri ndani ya waya.