Swali la kawaida ni nini katika mtihani wa kuzungumza Kiingereza? Mfano wa baiskeli

Mtu wa Tanga akiulizwa habari za baiskeli hana haja ya kutafuta mbali. Mji wetu ni tambarare, na kuanzia zile barabara zenye namba za Ngamiani mpaka Raskazone utamwona mama wa baibui na kapu lake, mwanafunzi, muuza samaki, kila mmoja na baiskeli yake. Lakini mkalishe kijana huyohuyo mbele ya mtahini wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, aulizwe kwa Kiingereza kama anapenda kuendesha baiskeli. Atajibu "Yes, I do", kisha kimya.

Swali la kawaida, kwa maana ya mtihani huu, ni swali linalohusu maisha yako mwenyewe na lisilodai elimu ya pekee: nyumbani, kazi, chakula, mvua, baiskeli. Maswali hayo ndiyo sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuzungumza, nayo huchukua dakika 4 hadi 5. Sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, unajiandaa dakika 1 na kuzungumza hadi dakika 2. Ya tatu ni mjadala. Kuhusu baiskeli unaweza kuulizwa ulijifunza lini, kama unayo sasa, kama watu wa mji wenu huitumia sana.

Mtahini hapimi habari unazompa, anapima lugha. Hatakwenda Makorora kuhakikisha kama kweli una baiskeli. Anasikiliza mambo 4 yenye uzito sawa: mtiririko wa maneno, msamiati, sarufi na matamshi. Ukimpa "ndiyo" tupu, humpi cha kupima.

Mimi naona chanzo cha kimya kile ni malezi. Kwetu "Habari za nyumbani?" hujibiwa "Nzuri", na mtoto aliyelelewa vizuri hamjibu mkubwa kwa maneno mengi. Ni adabu, na naipenda. Ila mtahini hakuulizi ili umwamkie, anakufungulia mlango uzungumze, na ukieleza zaidi hujamkosea heshima.

Sentensi 2 au 3 zinatosha. Jibu, toa sababu, kisha ongeza jambo moja lililokutokea. Sema unapenda baiskeli kwa kuwa inakuokolea nauli ya daladala, na kwamba baba mdogo ndiye aliyekufundisha: alikuwa akishika keria nyuma, siku moja akaachia bila kukwambia, ukaenda peke yako mpaka ukaanguka. Hapo umepita kwenye wakati uliopo na uliopita bila kujilazimisha, na sauti yako imechangamka. Majibu ya kukariri hutambulika upesi, maana mtu hubadilika sauti katikati ya mazungumzo.

Kuna mitego inayotoka katika Kiswahili chetu chenyewe. Sisi gari tunaliendesha na baiskeli tunaiendesha, kwa hiyo wengi husema "drive a bicycle". Mwingereza hutumia "ride". Wengine, kwa kuwa tunapanda baiskeli, husema "climb", na hapo msikilizaji anawaza mnazi. Kuazima kwetu huenda pande zote mbili: nimeazima baiskeli, niazime baiskeli. Kwa Kiingereza anayechukua ana neno lake, "borrow", na anayetoa ana lake, "lend". "Yeye" wetu naye hana jinsia, ndiyo maana shangazi hugeuka "he" katikati ya hadithi. Kwenye matamshi, sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali "bicycle" mkazo wake uko mwanzoni kabisa. Litamke kwa sauti mara kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Msamiati wa fundi wa chini ya mwembe si lazima. Pancha, cheni na breki ukizijua kwa Kiingereza ni vizuri. Usipozijua, eleza kwamba upepo uliisha ukaikokota mpaka nyumbani. Huna baiskeli? Sema huna, na useme unasafiri kwa chombo gani. Hukusikia swali? Omba lirudiwe, inaruhusiwa. Na mtahini akikukatiza katikati ya sentensi usinyong'onyee: muda wake ni mfupi na ana mada nyingine za kukuuliza.