Kupiga picha za nyota kutoka Nairobi: dhana potofu na ukweli wake

Mafunzo mengi ya kupiga picha za anga la usiku yanayosambaa mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi Ulaya au Marekani, chini ya anga lisilofanana na letu. Nairobi iko digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta. Huku nyota huchomoza karibu wima, giza kamili huingia mnamo dakika 70 hivi baada ya jua kutua, na ncha zote mbili za anga, zile pointi ambazo nyota huonekana kuzizunguka, zimelala kwenye upeo wa macho. Anayefuata mafunzo ya wenzetu neno kwa neno huishia kulaumu kamera yake, ilhali kamera haina kosa.

"Ukishatoka mjini, popote panafaa"

Umbali unasaidia, ila mwelekeo ndio unaoamua. Kitovu cha Njia Nyeupe, ile sehemu yenye mawingu mazito ya nyota ambayo kila mtu huitafuta, kimo katika kundi la nyota la Mshale (Sagittarius). Kutoka Nairobi huchomoza kusini mashariki, hupanda hadi digrii 62 juu ya upeo wa kusini, kisha huzama kusini magharibi. Sasa fikiria umeendesha gari hadi Thika au Murang'a. Ukielekeza kamera kusini, unaielekeza moja kwa moja juu ya mwanga wa Nairobi. Utapata anga la rangi ya chungwa hata kama ulipo ni giza totoro.

Shika Barabara ya Magadi badala yake. Kadiri unavyoteremka baada ya Kiserian, mji unabaki kaskazini mashariki, mgongoni mwako, na Milima ya Ngong inakinga sehemu ya mwanga wake. Kama kilomita 70 kutoka Nairobi utafika Olorgesailie, kituo cha Makavazi ya Kitaifa kinachojulikana kwa shoka zake za mawe za kale. Pana mahali pa kupiga kambi, na Mlima Olorgesailie uko upande wa kusini, kwa hiyo Njia Nyeupe husimama juu yake bila wewe kuhangaika kutafuta mandhari. Ziwa Magadi liko mbele zaidi, kama kilomita 110 kutoka mjini, na giza lake ni zito, lakini taa za kiwanda cha magadi na za mji wake zinaonekana kutoka mbali. Fika mchana, ujue taa ziko wapi, uchague ufuo unaoziacha nyuma yako.

Ardhi nyingi huko ni ya jamii za Wamaasai. Ongea na wenyeji kabla jua halijatua, ulipe ada inayotakiwa, na wajue utakuwa hapo usiku. Tochi zinazozungukazunguka porini saa saba za usiku humtia hofu mtu yeyote mwenye mifugo. Ukienda kwenye mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, Amboseli kwa mfano, huruhusiwi kuzurura na gari usiku, kwa hiyo utapiga picha kutoka pale pale unapolala. Chagua kambi kwa kuangalia kinachoonekana upande wa kusini. Kule Amboseli, upande huo ndio Kilimanjaro ilipo.

"Njia Nyeupe ni ya Juni hadi Agosti"

Hiyo ni ratiba ya watu wa kaskazini, ambao kitovu hawakioni vizuri nje ya kiangazi chao. Sisi tunakiona kuanzia Februari hadi Oktoba, mradi ujue saa. Karibu tarehe 20 Februari kinachomoza mnamo saa nane na nusu usiku. Karibu tarehe 20 Machi ni saa sita na nusu, na tarehe 20 Aprili hivi ni saa nne na nusu. Juni kinachomoza giza linapoingia na kukesha nawe hadi alfajiri. Kufikia tarehe 20 Oktoba kinazama mnamo saa nne na nusu usiku, kwa hiyo unayo nafasi ya saa mbili tatu tu baada ya giza kuingia.

Kwa mkazi wa Nairobi, Julai na Agosti ni miezi ya kukatisha tamaa. Mawingu mazito ya baridi hufunika nyanda za juu wiki nzima. Usiahirishe safari kwa sababu ya anga la Lang'ata: Magadi iko mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, na mara nyingi huko ni kweupe wakati Nairobi imefunikwa. Kagua picha za setilaiti za mawingu za mchana huo. Usitegemee alama ya wingu iliyo kwenye simu, maana hiyo inazungumzia mji ulioko.

"Kanuni ya 500 haikosei"

Kanuni yenyewe ni rahisi: gawa 500 kwa milimita za lenzi, na jibu ni sekunde unazoweza kuacha shata wazi bila nyota kuvutika. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya kihisi kikubwa (full frame) itakupa sekunde 20 hivi.

Sasa piga hesabu. Nyota iliyo kwenye ikweta ya anga, mstari ulio juu ya ikweta ya dunia, husogea sekunde 15 za tao (kipimo cha pembe; 3600 ni digrii moja) kila sekunde ya saa. Kwa lenzi hiyo na kihisi cha pikseli milioni 24, pikseli moja hufunika takriban sekunde 50 za tao. Baada ya sekunde 20 nyota imekwisha kuvuka pikseli 6. Kwenye simu utaiona nukta, lakini ikuze kwenye kompyuta na utaona kijiti. Wenzetu wa mbali huiona ikweta ya anga ikiwa imeinama kando. Kwetu inapita karibu na utosi, kwa hiyo zile nyota zenye kasi kuliko zote, kama zile tatu za mkanda wa Jabari (Orion), ziko katikati ya anga letu. Kitovu cha Njia Nyeupe ni cha polepole kidogo, sekunde 13 za tao, lakini nafuu hiyo ni ndogo.

Kwa milimita 24, tumia sekunde 10 hadi 12. Mwenye kamera ya kihisi kidogo na lenzi ya milimita 18 asipite 10. Mwanga unaoupoteza utaurudisha kwa kupiga fremu nyingi: fremu 16 zikipangwa juu ya nyingine, chembechembe, zile nukta chafu za picha za gizani, hupungua hadi robo. Programu ya Sequator hufanya kazi hiyo bure kwenye Windows, na kwenye Mac ipo Starry Landscape Stacker. Zote mbili hujua kutenganisha nyota zinazosogea na mlima usiosogea.

"Zungusha lenzi hadi alama ya infiniti"

Hili ndilo kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote, nalo ni baya kwa sababu hulioni mpaka urudi nyumbani. Lenzi nyingi za kisasa huzunguka kupita alama hiyo kwa makusudi, maana joto na baridi hubadilisha mahali penyewe. Na fokasi ya otomatiki gizani hukosa cha kushika.

Fanya hivi. Zima fokasi ya otomatiki na kidhibiti mtikisiko. Washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, elekeza kamera kwenye nyota kali: Shira, ambayo programu za simu huiandika Sirius, au Suheli, yaani Canopus, au hata sayari ya Mshtarii (Jupiter) ikiwa juu. Iweke karibu na katikati, kisha kuza skrini mara 10. Utaona duara lililofifia. Zungusha pete taratibu, na duara litazidi kuwa dogo huku nyota nyingine dhaifu zikianza kujitokeza pembeni yake. Endelea mpaka duara lianze kukua tena, kisha rudi nyuma kidogo hadi pale lilipokuwa dogo kabisa. Ukiona ukingo wa zambarau kuizunguka nyota, bado kidogo. Ikiwa nukta ndogo kabisa, bana pete kwa kipande cha selotepu, na uhakikishe kwa fremu moja ya majaribio iliyokuzwa. Rudia zoezi lote baada ya saa moja au mbili, hasa ukianza kupiga wakati mawe ya Magadi bado yana joto la mchana.

Kitu kilicho karibu ni suala jingine. Kwa milimita 14 na f/2.8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ukiwa umelenga umbali wa mita 2.3, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi nyotani kinakubalika. Kwa milimita 24 umbali huo wa kulenga unaruka hadi karibu mita 7, na mwisho wa karibu ni mita 3.5. Kichaka kilicho mita mbili mbele yako kinahitaji fremu yake peke yake.

"ISO kubwa ndiyo inayoleta chembechembe"

Chembechembe huletwa na uhaba wa mwanga. ISO hukuza tu kile ambacho kihisi kimekwisha kupokea. Jaribu mwenyewe: fremu mbili za RAW (faili ghafi za kamera), zote sekunde 10 na f/2.8, moja ISO 400 na nyingine ISO 3200. Ile ya kwanza iongeze mwanga kwa hatua 3 kwenye kompyuta. Kwa kamera nyingi, hasa za zamani, iliyoongezwa nyumbani ndiyo itakuwa chafu zaidi, pengine na mistari ya rangi kwenye vivuli.

ISO ikizidi mno, kinachopotea ni rangi za nyota, kwa sababu zile kali hufikia kikomo na kuwa nyeupe zote. Anzia 1600 hadi 6400, na uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha: kilima chake kiwe kimeachana na ukuta wa kushoto. Usiiamini skrini, maana gizani picha hafifu huonekana inang'aa. Punguza mwanga wake hadi chini kabisa.

"Tafuta Nyota ya Kaskazini kwanza"

Kutoka Nairobi Nyota ya Kaskazini huitegemei hata kidogo. Imezama kwenye upeo, ndani ya vumbi na miti. Ncha ya kusini iko digrii 1.3 tu juu ya upeo, na haina nyota kali ya kuionyesha.

Kwa picha za michirizi ya nyota, hii ina maana kwamba yale maduara kamili unayoyaona kwenye picha za ugenini hayapatikani kwetu. Ukigeukia kusini utapata nusu duara zilizosimama juu ya ardhi kama upinde wa mvua. Ukigeukia mashariki kwa lenzi pana utapata kitu ambacho wenzetu hawana: michirizi iliyonyooka wima katikati, huku ya kushoto ikijipinda kuelekea kaskazini na ya kulia kuelekea kusini. Mgunga mmoja uliosimama peke yake katikati ya fremu hiyo unatosha.

Wala huhitaji kuacha shata wazi saa nzima. Piga fremu 120 za sekunde 30 mfululizo, uziunganishe kwa programu ya StarStaX. Zima kile kipengele cha kupunguza chembechembe za fremu ndefu: baada ya kila fremu, kamera hupiga nyingine ya giza ya muda uleule, na michirizi yako itakatikakatika.

Mwenye kifaa cha kufuata nyota, kinachozungusha kamera pamoja nazo, aweke kipimo cha latitudo kwenye digrii 1 na kidogo, aelekeze mhimili kusini kwa dira, na abadilishe swichi kuwa S. Swichi ikibaki N huku mhimili ukitazama kusini, kifaa huzunguka kinyume na nyota huvutika maradufu. Dira ikae mbali na chuma cha tripodi. Wengi huogopa kwamba bila kuiona ncha haiwezekani, lakini kosa la digrii 2 kwa lenzi ya milimita 24 na fremu ya sekunde 60 husogeza nyota chini ya pikseli moja. Kwa lenzi ya milimita 200 mambo ni tofauti kabisa, hapo utahitaji kusahihisha kwa kutazama nyota inavyoteleza.

"Mwezi ni adui"

Mwezi mpevu, ndiyo. Mwezi wa siku tatu hadi tano ni taa ya bure. Huzama kati ya saa tatu na saa nne na nusu usiku, na ukiwa umeelekea kusini huangaza ardhi kutoka kulia kwako, vivuli vikiwa virefu. Piga mandhari wakati huo, anzia sekunde 30, f/4, ISO 1600. Usiiguse tripodi. Mwezi ukishazama, piga anga, kisha unganisha fremu hizo mbili.

"Ile rangi ya kijani ni kosa la kamera"

Mara nyingi ni oksijeni. Karibu kilomita 90 hadi 100 juu yetu, atomi zake hutoa mwanga wa kijani wa nanomita 557.7 usiku kucha. Jicho halioni rangi katika mwanga hafifu hivyo, kihisi kinaona. Mawimbi ya kijani karibu na upeo, penye giza halisi, ni ya kweli na hayapaswi kufutwa. Anga lote likiwa na ukijani sawasawa, hapo rekebisha mizani ya rangi, anzia kelvini 3800 hadi 4200.

Mengine kwa ufupi

Kichujio cha kuzuia mwanga wa mji kilifaa enzi za taa za sodiamu za njano. Taa za LED, zikiwemo nyingi za mulika mwizi na za maghala, hutoa rangi karibu zote, na kichujio hakiwezi kuzitenga na nyota.

Simu pia inaweza kupiga nyota. Zile za Pixel za Google zina hali ya nyota inayokusanya mwanga hadi dakika 4. Ila ni lazima ikae kwenye tripodi, na ipigwe kwa kipima muda.

Lenzi ya f/1.4 haitumiki lazima kwa f/1.4. Pembeni nyota huota mabawa, na ukifunga hadi f/2 au f/2.8 hutulia.

Umande ni wa Naivasha na Aberdare, vumbi ni la Magadi. Huko Naivasha, mkanda wa joto kwenye lenzi unaoendeshwa na pawabanki utakuokoa kuanzia usiku wa manane. Magadi, badilisha lenzi ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, na ufute miguu ya tripodi kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuikunja, kwa sababu chumvi ya ziwa hula chuma na kukwaruza viungo.