Je, wajua mcheza baleti husimamaje kwenye ncha za vidole?

Vua viatu, simama karibu na ukuta, nyanyua visigino. Hakuna la ajabu hapo. Ndivyo mtoto anavyofanya akitaka kuchungulia kilichoko mezani. Sasa panda zaidi, mpaka wayo uwe wima na uzito wote ubaki kwenye ncha za vidole. Vidole vinajikunja, kucha zinalalamika, na mkono tayari umeshaushika ukuta.

Mcheza baleti hukaa hivyo kwa mguu mmoja, ule mwingine ukiwa hewani, uso umetulia kama mtu anayesubiri chai. Wengi wakimwona hudhani kile kiatu chake cha rangi ya waridi kina chuma ndani, au kipande cha mbao. Hamna. Ukikipasua utakuta vitu vya kawaida mno: kitambaa cha gunia, karatasi, kadibodi na gundi.

Fundi hukishona kiatu ndani-nje juu ya kalibu. Mahali pa vidole hupanga matabaka ya gunia na karatasi yaliyopakwa gundi, kisha hukigeuza kiatu kama ugeuzavyo soksi, hukigonga kwa nyundo mpaka kikae umbo, na kukiweka kwenye joto gundi ikauke. Kinachopatikana ni kibweta kigumu, kilichokatwa bapa kwa mbele, na huo ubapa mdogo ndio uwanja wote anaosimamia mchezaji. Chini ya wayo hupita ukanda mwembamba na mgumu, ambao ndio uti wa kiatu. Juu ya yote hayo hufunikwa satini ili watazamaji wasione gunia. Viatu hivyo kwa desturi havina kushoto wala kulia. Mguu wenyewe ndio huvifundisha.

Katika kiwanda cha Freed of London, kilichoanzishwa mwaka 1929, kila fundi ana alama yake anayoigonga kwenye soli. Mchezaji akishampata fundi anayeuelewa mguu wake, humng'ang'ania kwa miaka, pengine bila kuonana naye hata siku moja. Fundi huyo akistaafu, ni msiba. Aliyewahi kuhamwa na fundi cherehani aliyeyajua mabega yake anaelewa.

Sasa kibweta kinafanya kazi gani hasa? Hukibana kichwa cha wayo pande zote, kama shimo la mpini linavyolibana jembe. Kwa hiyo mzigo hauangukii ncha za vidole peke yake. Sehemu yake hubebwa na kuta za kibweta, na uti nao huusukuma upinde wa wayo kwenda juu. Vidole hukaa vimenyooka. Kiatu kikizidi kidogo tu, mguu huteleza ndani mpaka chini, na hapo vidole ndivyo hubeba kila kitu. Malengelenge, kucha nyeusi, hata ufa kwenye mifupa mirefu ya wayo, mengi huanzia hapo.

Lakini mvalishe kiatu hichohicho mtu asiyefunzwa, ataanguka au ataumia. Nusu kubwa ya jibu haimo kwenye gunia na gundi. Kifundo cha mguu lazima kinyooke mpaka muundi, mgongo wa wayo na vidole vishuke kwa mstari mmoja, kama nguzo. Nguzo ikiinama hata kidogo, misuli ya shavu la mguu huanza kupigana na uzito. Na mwili wa juu hauruhusiwi kuketi juu ya mguu: tumbo, mgongo na mapaja hujivuta kwenda juu muda wote, ndiyo maana mchezaji huonekana kama amening'inizwa na uzi usioonekana. Hapo baleti inatofautiana sana na ngoma zetu nyingi. Mcheza sindimba wa Kimakonde hukunja magoti na kuipa ardhi uzito wake, nguvu ikitoka kiunoni. Mcheza baleti huikimbia ardhi, na kuikimbia ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Ndiyo sababu walimu makini hawampi mtoto viatu hivi mapema. Kwa kawaida husubiri afikishe miaka 11 au 12, na awe tayari amefanya mazoezi kwa miaka kadhaa, kwa kuwa mifupa ya wayo bado inakua na misuli haijapata ujuzi wa kuilinda. Kabla ya hapo ni kushika ubao wa mazoezi, kukunja magoti, kunyoosha wayo, kurudi, tena na tena. Hata nyota wa jukwaa kubwa huianza siku yake kwa kukunja magoti kulekule alikojifunza utotoni. Zoezi hilo huitwa kwa Kifaransa kila mahali, Moscow hadi Nairobi, kwa sababu ni Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliyeanzisha chuo cha dansi mwaka 1661, na istilahi za huko zikaenea pamoja na fani.

Cha kushangaza ni kwamba mtindo huu ulianza kabla ya kiatu chake. Mwaka 1796, jijini London, mtunzi wa dansi Charles Didelot aliwainua wachezaji kwa waya, waguse sakafu kwa ncha tu kabla ya kupaa. Machi 1832 huko Paris, mchezaji Marie Taglioni akasimama kwenye ncha za vidole bila kushikiliwa na waya katika onyesho la La Sylphide, akiwa kiumbe wa msituni asiye na uzito. Miguuni alikuwa na viatu laini vya satini, vimetiwa nyuzi za kudarizi pembeni na mbele ili visichanike. Kibweta hakukuwa. Kilichomsimamisha ni mazoezi ya baba yake, Filippo, aliyekuwa akimfundisha saa nyingi kwa siku. Viatu vikawa vigumu baadaye, Waitaliano wakitangulia, na ndipo mwaka 1895 Mwitaliano Pierina Legnani alipozunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja katika onyesho la Swan Lake huko St Petersburg. Mpaka leo watazamaji huzihesabu kimoyomoyo.

Na kama unadhani kiatu ni lazima, wanaume wa Georgia, kule milima ya Kaukazi, hurukaruka juu ya vidole katika ngoma zao za jadi wakiwa na buti laini za ngozi, bila kibweta chochote. Sishauri kujaribu.

Nyuma ya jukwaa kuna jambo lingine ambalo mtazamaji haambiwi: kiatu kipya hakichezeki. Kinagonga sakafu ko-ko-ko kama kwato na hakikunjiki. Basi mwenyewe hukibamiza ukutani, hukibana kwenye bawaba za mlango, hukunja uti mahali upinde wake ulipo, hukwangua soli kwa kisu na kushona utepe kwa mkono wake. Kisha hukanyaga unga wa utomvu wa msonobari asiteleze. Baada ya kazi yote hiyo, joto na jasho hulainisha gundi, na kiatu chaweza kufa usiku mmoja tu wa onyesho zito.

Kwa wachezaji weusi kulikuwa na kazi ya ziada. Rangi ya waridi ilichaguliwa ilingane na ngozi ya Wazungu, ili mguu uonekane mrefu usiokatika. Kampuni ya Dance Theatre of Harlem, iliyoanzishwa New York mwaka 1969, ikaamua katika miaka ya 1970 kwamba soksi na viatu vifuate ngozi ya anayevaa. Wengine waliendelea kukaa na sponji na poda ya uso wakipaka jozi baada ya jozi, mpaka mwaka 2018 Freed walipotoa viatu vya kahawia wakishirikiana na kampuni ya Ballet Black ya London. Watoto wa Kibera wanaojifunza baleti kwenye sakafu za madarasa, wengi wao pekupeku, walau wakifikia umri wa viatu watakuta rangi yao ipo.

Taglioni naye ana kisa chake. Inasimuliwa kwamba alipoiaga Urusi mwaka 1842, mashabiki walinunua jozi ya viatu vyake kwa rubli 200, wakavipika, wakavimiminia mchuzi, wakavila. Bahati yao havikuwa na gundi.